Uzio wa Hasi Mita Kumi na Mbili

Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, mbele ya wapiga picha watatu na spika moja iliyokuwa ikikoroma, Idara ya Hisabati kwa Njia ya Mtandao ilitangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mwanafunzi wa sekondari atakayekosa jibu tena. Majibu yote ya hisabati, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, yalikuwa yameshakusanywa, yakajadiliwa, yakapigiwa kura, yakasainiwa na kugongwa muhuri. Sasa yalipatikana bure kwenye Tovuti ya Umahiri, mchana na usiku, isipokuwa sikukuu.

"Zamani kila mwalimu alikuwa na jibu lake," alisema Mkurugenzi, akiwatazama wapiga picha mmoja mmoja. "Leo taifa lina jibu moja."

Makofi yalipigwa. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Katibu wa Kamati ya Kuthibitisha Majibu, ambaye watumishi wenzake walimwita Bwana Muhuri. Hawakumwita hivyo kwa dhihaka. Muhuri wa Kamati alikuwa anatembea nao kiunoni, ndani ya kifuko cha ngozi, na alipokaa kwenye kiti aliuhamishia mapajani ili usibanwe. Alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini. Hakuwahi kuchelewa. Hakuwahi kugonga muhuri karatasi ambayo hakuisoma kichwa chake cha habari, na hakuwahi kusoma zaidi ya hapo, kwa sababu mwili wa karatasi ni kazi ya aliyeiandika.

Kamati yenyewe ilikuwa na wajumbe kumi na wanne wenye kura. Walitoka Kitengo cha Samani, Itifaki, Usafiri, Bustani, na vitengo vingine ambavyo haviwezi kusemwa kwamba vina upendeleo wowote kuhusu hisabati. Mtu wa kumi na tano alikuwa mwalimu mstaafu aliyefundisha somo hilo miaka thelathini na moja, na vidole vyake vilikuwa bado vyeupe, ndiyo maana wakamwita Mwalimu Chaki. Yeye aliingia kama mwalikwa mtaalamu. Kanuni ilisema wazi kwamba mtaalamu hana kura, asije akauingiza ujuzi wake kwenye uamuzi.

Kwa miezi mitano kabla ya tangazo hilo Kamati ilipitisha majibu elfu mbili na ushee. Kazi ilikwenda kama maji mtelemkoni. Jibu likiwa moja, lilipita bila kupingwa. Shida ilikuja kwenye mada ya milinganyo ya kipeo cha pili, ile ambayo ukishatoka jasho lote inakupa majibu mawili badala ya moja. Na ndani ya mada hiyo lilikuwamo swali la kumi na nne.

*Mama mmoja anataka kuzungushia uzio kiwanja cha mstatili chenye eneo la mita za mraba sitini. Urefu wa kiwanja umezidi upana kwa mita saba. Tafuta upana, kisha uchore mchoro.*

Mwalimu Chaki alilitatua ubaoni kwa mistari minne. Akajipangusa mikono.

"Ndugu wajumbe, tunapata tano au hasi kumi na mbili. Tunachukua tano. Hasi kumi na mbili tunaitupa."

"Tunaitupa?" Mjumbe wa Samani alinyanyuka nusu. "Mwalimu, mali ya serikali haitupwi hivihivi. Kuna kamati ya kutupa."

"Lakini kiwanja hakiwezi kuwa na upana wa hasi, ndugu yangu."

"Kubwa ni ipi kati ya hizo mbili?" aliuliza Mjumbe wa Itifaki, ambaye alipenda kwenda moja kwa moja kwenye hoja.

"Kumi na mbili na tano? Hata mtoto anajua," alisema Samani.

"Ni *hasi* kumi na mbili," alisema Mwalimu Chaki.

"Hicho kimstari cha mbele? Hayo mapambo."

Wakamwomba Mwalimu Chaki alipime jibu hilo kwa haki, bila chuki. Akapima. Upana ukiwa hasi kumi na mbili, urefu unaouzidi kwa saba ni hasi tano. Na hasi mara hasi ni chanya, kwa hiyo eneo linakuwa sitini.

"Sitini!" ukumbi ulilipuka. "Inatoka!"

"Inatoka, ndiyo, lakini..."

"Mwalikwa hana haki ya *lakini*," alikumbusha Katibu kwa upole, akinukuu kanuni.

Kura zikapigwa. Saba kwa saba. Kanuni ilimtaka Katibu aamue. Bwana Muhuri aliitazama ile tano ubaoni, akaiona imekaa kinyonge, kama namba ya watoto wa chekechea. Mradi wa taifa zima, wenye spika na wapiga picha, ungeweza kweli kuzinduliwa kwa tano? Akainua mkono upande wa hasi kumi na mbili. Akagonga muhuri. Wakaenda kunywa chai.

*

Jumatano jioni, Bwana Muhuri alimkuta binti yake mezani, kaegemeza simu kwenye chupa ya maji, karatasi zimemzunguka kama mtu anayecheza karata peke yake. Binti alikuwa kidato cha nne. Alitaka kuwa mhandisi wa madaraja, na alikuwa ameshaanza kuangalia kila daraja kwa jicho la mtu anayejua lilipokosewa.

Kwenye tovuti alikuwa na mada kumi na moja. Kumi zilikuwa za kijani. Moja ilikuwa nyekundu.

Na nyekundu hiyo haikuwa ya mchezo. Usajili wa mtihani wa taifa ulikuwa unafungwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni, na mfumo haukumsajili mwanafunzi ambaye mada zake zote hazijawa za kijani. Asiyesajiliwa angerudi mwakani, akae darasa lilelile, dawati lilelile, asubiri.

"Baba, hili jibu la kumi na nne aliamua nani?"

"Taifa."

"Taifa gani hilo lisilojua kupima kiwanja?"

"Mwanangu, usishindane na kilichokwisha kupita. Andika hasi kumi na mbili, usonge mbele."

"Nimeandika! Wamekubali. Sasa wanataka mchoro. Nichore nini, baba? Nimetuma mara nne." Akamsomea majibu ya wakaguzi, kidole kikishuka kwenye kioo. "Mara ya kwanza: *Mchoro wako una upana chanya, tafadhali punguza.* Nikapunguza. Mara ya pili: *Umepunguza lakini hujafika.* Mara ya tatu nikatuma karatasi tupu. *Umepitiliza.*"

"Na ya nne?"

"Ya nne nilichora mkaguzi."

"Mchoree shimo," alisema mama yake, ambaye alikuwa anakunja nguo kwenye kochi. "Shimo ni kiwanja kilichokwenda upande usiotakiwa."

"Mama, wenzangu wawili wameshachora shimo. Wameambiwa uzio hauzami."

"Basi mpigie simu huyo aliyethibitisha, umuulize yeye anachoraje. Si wameandika jina hapo chini?" Mama akasogea, akainama juu ya simu. Kisha akasema kwa sauti ile ya kukunja nguo, taratibu: "Baba watoto, njoo uone. Hii saini yenye mkia kama wa panya ninaifahamu."

Binti alikuwa ameshaiona. Alikuwa ameiona tangu Jumatatu. Saini hiyohiyo ilikuwa kwenye ripoti zake zote za shule.

"Tangu kidato cha kwanza nakuletea ripoti, baba. Hisabati tisini na nane. Hisabati tisini na tisa. Kila muhula unaandika *Hongera, ongeza bidii.* Ulikuwa unasoma, au ulikuwa unasaini tu?"

Bwana Muhuri alivuta kiti, akakaa, akauhamishia muhuri mapajani.

"Zilikuwa kura saba kwa saba," alisema. "Ikabidi mtu aamue."

"Ukaamua hasi."

"Ilikuwa kubwa zaidi."

Binti hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomchoma baba yake. Alikusanya karatasi zake, akazipanga kingo kwa kingo, akaenda chumbani. Mama akaendelea kukunja nguo. Shati moja la kazini la mume wake alilirusha upande wa pili bila kulikunja.

*

Alhamisi saa mbili, Bwana Muhuri alipita kwanza kwenye ukumbi wa wakaguzi. Watumishi ishirini walikaa wamejipanga, kila mmoja na kioo na rula yake, wakipima michoro kwa kuiwekea rula juu ya kioo. Ukutani palikuwa na ubao wa takwimu. Wanafunzi elfu arobaini na moja walikuwa wamekwama swali la kumi na nne. Waliopita: sifuri.

"Hata mmoja?" aliuliza.

"Kuna mmoja alikaribia, mzee," alisema mkaguzi wa mstari wa mbele. "Aligeuza simu juu chini. Lakini tulipogeuza na sisi, ikawa ileile."

Akaenda kwa Mkurugenzi. Ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa mpya, kijumba cha vioo kilichojitenga na majengo mengine uani. Kilikuwa na vyumba viwili, kochi, choo cha ndani, na mlango mmoja unaotazama bustani, ili kiongozi afikiri bila kusikia mashine za kuchapa. Mkurugenzi alikuwa anafanya mazoezi ya hotuba kwenye kioo.

"Mheshimiwa, wanafunzi elfu arobaini na moja wamekwama."

"Wamekwama wapi?"

"Kwenye mchoro wa swali la kumi na nne."

"Kwa hiyo mpaka swali la kumi na tatu wanafika." Mkurugenzi alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Andika hiyo kwenye taarifa. Ni mafanikio."

"Usajili unafungwa kesho, Mheshimiwa. Nilikuwa nafikiri labda... jibu lingeweza kutazamwa upya. Mwalimu Chaki anasema ni tano."

"Mwalimu Chaki ana kura?"

"Hana, Mheshimiwa."

"Basi hajasema kitu. Nikibadilisha jibu moja leo, kesho wataniuliza yale elfu mbili mengine. Jibu limetangazwa kwa spika, Katibu. Spika!" Akasogea dirishani, akaitazama bustani, mikono nyuma. "Shida si jibu. Shida ni kwamba hawa vijana hawajawahi kukiona kiwanja chenyewe. Wataonaje kitu kwenye karatasi ambacho hawajakiona kwa macho? Tutakijenga."

"Tutajenga..."

"Uzio wa mfano. Wa chuma. Hapa hapa. Kwa vipimo vilivyothibitishwa, bila kupunguza hata nukta. Kesho saa kumi natoka kuuzindua, unapigwa picha, picha inapandishwa tovutini, watoto wanaiga. Umeona? Uongozi ni kuona."

"Na fundi atapimaje, Mheshimiwa?"

"Fundi ni fundi."

Bwana Muhuri alirudi mezani kwake akaandika hati ya kazi. *Ujenzi wa uzio wa mfano. Upana: hasi mita kumi na mbili. Urefu: hasi mita tano. Vipimo vyote vianzie kwenye kigingi cha kona ya bustani, fundi akiwa ameelekea bustanini.* Mkurugenzi akasoma kichwa cha habari, akasaini. Katibu akagonga.

*

Ijumaa asubuhi fundi wa uzio alifika na mwenzake, gari limejaa vipande vya uzio wa chuma walivyokuwa wameshavichomelea karakanani. Alikuwa mtu wa maneno machache na tepu ndefu. Alisimama kwenye kigingi akaisoma hati mara tatu.

"Mzee, hapa pameandikwa hasi."

"Ndiyo."

"Tepu yangu haina hasi. Inaanzia sifuri inakwenda zake."

"Wewe fuata hati, fundi."

"Nafuata, mzee wangu. Nauliza tu inaelekea wapi, nisije nikaifuata ikanipeleka kwenye kiwanja cha mwenyewe."

Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Fundi alijaribu kulala chini na kupima chini kwa chini. Mwenzake alipendekeza waanze na mita kumi na mbili kisha waziondoe. Bwana Muhuri aliwatazama kutoka barazani, na kila dakika tano akaangalia saa ya ukutani.

Saa sita kasoro, binti yake aliingia getini, sare imepigwa pasi, bahasha mkononi. Ilikuwa barua ya darasa zima, saini thelathini na nane, na ya mwalimu wao chini kabisa, maana tovuti ilikuwa imemweka na yeye kwenye orodha ya wanafunzi wanaohitaji msaada.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Binti hakuzidisha salamu. Akamkabidhi bahasha kwa mikono miwili kama anavyokabidhiwa mgeni, akageuka kuondoka. Ndipo akamwona fundi kalala kifudifudi kwenye nyasi.

"Fundi, umepoteza nini?"

"Upana, dada yangu."

Binti akaichukua hati, akaisoma yote, mpaka chini. Katika Idara nzima hakuna mtu aliyekuwa amefanya hivyo tangu iandikwe. Uso wake ukabadilika pole pole, kama wa mtu anayeona mlango kwenye ukuta alioupita kila siku.

"Fundi, simama. Simama kwenye kigingi. Unatazama wapi?"

"Bustanini, kama karatasi inavyosema."

"Haya. Mbele yako ni chanya. Mkono wako wa kulia ni chanya. Hasi ni nini, kama siyo kinyume chake? Rudi nyuma mita kumi na mbili. Halafu kushoto mita tano. Basi!"

Fundi alimtazama, akaitazama tepu, akageuka nyuma.

"Kumbe hasi ni kurudi kinyumenyume tu? Sasa mbona hawasemi? Watu wazima na masuti yao!"

Wakaanza kumwaga chokaa. Mstari mweupe ukatoka kwenye kigingi ukaingia uani. Ukapita ubavuni mwa kijumba cha vioo. Ukakata nyuma ya kiyoyozi. Ukapanda upande wa pili, ukarudi, ukapita mbele ya mlango, nusu mita kutoka kizingitini, ukakutana na kigingi. Kijumba cha Mkurugenzi kilikaa katikati yake kama mguu ndani ya kiatu.

Fundi akakuna kichwa.

"Mzee, humu ndani kuna mtu?"

"Kuna Mkurugenzi," alisema Bwana Muhuri. "Yuko kwenye mkutano wa mtandaoni na wadau. Mpaka saa kumi."

"Na hati haisemi geti."

"Swali halina geti."

"Sasa nimjengee?"

Bwana Muhuri angeweza kusema hapana. Ieleweke hivyo, maana baadaye wengi walidai kwamba alichanganyikiwa, na hakuchanganyikiwa hata kidogo. Aliiangalia chokaa. Alimwangalia binti yake, ambaye alikuwa ameshatoa simu na kuchora mstatili ule, kigingi, kijumba na yote, akautuma. Baada ya dakika mbili simu ililia. Binti akaisoma, akamwonyesha baba yake: *Mchoro wako ni sahihi lakini umemzunguka kiongozi. Haukubaliki.*

Ilikuwa saa saba na robo. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili, Katibu aliisoma karatasi mpaka mwisho. Akaisoma tena. Halafu akaufungua ule mfuko wa ngozi, akaiweka hati kwenye mgongo wa fundi, akaigonga muhuri wa pili, ule wa *Tekeleza*.

"Kwa vipimo vilivyothibitishwa, fundi," alisema. "Bila kupunguza hata nukta."

Mashine zikaanza kulia. Mkurugenzi alikuwa amefunga mapazia ili mwanga usimharibie sura kwenye kamera, na masikioni alikuwa na vifaa vya kusikilizia. Saa nane alimtumia Katibu ujumbe: *Kelele za nini?* Katibu akajibu: *Utekelezaji, Mheshimiwa.* Mkurugenzi akarudisha kidole gumba.

*

Saa kumi kamili wapiga picha walikuwa tayari. Wakaguzi walitoka ukumbini na rula zao. Wajumbe wote kumi na wanne wa Kamati walikuwepo, kwa kuwa palikuwa na kamera. Mlango wa kijumba ukafunguliwa kwa madaha, ukaenda nusu mita, ukagonga chuma: *ngang!*

Mkurugenzi alitoa kichwa. Akaangalia nondo, zilizokuwa ndefu kumzidi na zenye ncha juu. Akaangalia kushoto. Akaangalia kulia.

"Hiki nini?"

"Jibu, Mheshimiwa," alisema Bwana Muhuri.

"Nimesema mjenge bustanini!"

"Bustani iko upande wa chanya, Mheshimiwa. Hati uliyosaini inasema hasi. Tumepima mara mbili. Eneo ni mita za mraba sitini kamili." Akageukia wapiga picha. "Inatoka."

Kamera zikalia kama nzige.

"Toeni huu uzio! Sasa hivi!"

"Kuna ugumu kidogo. Huu si uzio wa kawaida, ni jibu lililothibitishwa. Ukibomolewa leo, wakati jibu bado ni hasi kumi na mbili, tutakuwa tumebomoa jibu halali la taifa. Waraka Namba Saba. Ni wako, Mheshimiwa."

"Basi badilisheni jibu!"

"Inahitaji theluthi mbili ya wajumbe."

"Si hao hapo! Mnasubiri nini? Pigeni kura!"

Kamati ikakaa pale pale uani, wajumbe wakiwa nje ya nondo, Mkurugenzi akiwa ndani. Itifaki aliuliza kama kikao cha namna hiyo kina hadhi, akatazamwa kwa jicho ambalo lilimfanya aangalie viatu vyake. Kwa mara ya kwanza katika miezi mitano, wote wakamgeukia Mwalimu Chaki.

"Mwalimu," alisema Samani, "una uhakika ni tano?"

"Nina uhakika huo tangu kabla hujazaliwa, mwanangu."

Mikono kumi na minne ikapanda. Azimio likaandikwa gotini. Mkurugenzi akalisaini kwa kupitisha mkono katikati ya nondo, karatasi ikiwa imeegemezwa kwenye mgongo wa Samani. Bwana Muhuri akagonga, akakimbia. Watu walishuhudia hilo: Bwana Muhuri, anakimbia, karatasi juu kama bendera, mpaka chumba cha mitambo.

Saa kumi na dakika arobaini na nane jibu lilibadilika tovutini. Wakaguzi walirudi kwenye vioo vyao na rula mikononi, wakakuta michoro elfu kadhaa ya mita tano imeshafika, yote inafanana, yote iko sawa. Mmoja wao alisema baadaye kwamba hakuwahi kujua kazi yake ingeweza kuwa ya furaha.

Binti alikuwa ameketi kwenye ngazi ya baraza. Alichora mstatili wake kwa penseli, tano kwa kumi na mbili, akaupiga picha, akautuma. Baba yake alisimama nyuma yake akihema. Wote wawili waliangalia kioo. Mada ya kumi na moja ikawa ya kijani. Ukurasa wa usajili ukafunguka. Binti akajaza, akahakiki, akajaza tena herufi moja aliyokosea kwa haraka.

*Umesajiliwa.* Saa kumi na dakika hamsini na sita.

Aliishusha simu mapajani. "Baba, ile hati," alisema. "Sehemu ya *fundi akiwa ameelekea bustanini*. Uliandika makusudi?"

"Niliandika kwa sababu hati nzuri husema mtu ameelekea wapi."

"Kwa hiyo hukujua."

"Jana sikujua. Leo nilisoma."

Binti akasogea kidogo kwenye ngazi, akamwachia nafasi ya kukaa. Akakaa.

Kutoka uani Mkurugenzi alikuwa anaita. Fundi alikuwa ameshapakia mashine zake, mwenzake ameshawasha gari.

"Fundi! Kata hapa, nitoke!"

"Kwa hati ipi, mkubwa?"

"Hati gani? Mimi ndiye Mkurugenzi!"

"Mimi niliwahi kukata chuma cha serikali bila hati, mkubwa wangu. Nilihojiwa wiki tatu. Nikaapa." Fundi akageukia barazani. "Eti mzee, hati ya kubomoa inatoka lini?"

Bwana Muhuri akainuka, akajipangusa suruali, akajibu kwa heshima zote. Maombi ya ubomoaji hupokelewa mwisho saa tisa na nusu. Yakipita hapo huenda Jumatatu, na Kamati ya Ubomoaji hukaa Jumanne. Utaratibu huo Mkurugenzi aliusaini mwenyewe, kwa kalamu nzuri. Ila asiwe na hofu, aliongeza: ndani mna kochi, mna choo na maji ya bomba, mambo ambayo shule nyingi za sekondari bado zinayasubiri.

Wapiga picha waliondoka kuwahi habari za jioni. Wajumbe wakatawanyika mmoja mmoja. Gari la fundi likatoka getini. Akabaki Mwalimu Chaki, ambaye hakuwa na pa kuwahi. Alivuta kiti, akakiweka karibu na nondo, akatoa mfukoni kipande cha chaki. Akachora mstari mrefu kwenye sakafu ya saruji, kutoka upande wa bustani, chini ya uzio, mpaka kwenye kizingiti cha Mkurugenzi.

"Tuna siku za kutosha," alisema. "Tuanze taratibu. Huu ni mstari wa namba. Hapa, usawa wa kigingi, ni sifuri. Huku nilikokaa mimi ni chanya. Wewe, Mheshimiwa, uko upande gani?"

Mkurugenzi aliutazama ule mstari. Alimtazama Mwalimu. Akashika nondo mbili, akasogeza uso katikati yake, akauliza kwa sauti ya chini kama hilo haliwezi kupigiwa kura.